Mbuzi wa Mjomba

Mwaka 2011 niliandika mistari 64 ya hip-hop ambayo mpaka leo sijui inasema nini.

Niliiandika Chang'ombe, hapa hapa Dodoma mjini, kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, ndani ya kaunta buku ambayo kurasa zake za mwanzo zilikuwa na hesabu za duka la shemeji. Mlikuwa na piramidi humo, jicho la tatu, minyororo ya akili, Babeli, na neno "mfumo" mara tisa. Nimehesabu. Andagraundi wa miaka ile, yaani wachanaji tusio na jina, karibu wote tulikuwa tunaandika hivyo. Nikawachania wenzangu maskani, bila biti, mmoja akinipigia meza kwa vidole. Nilipomaliza walikaa kimya, kisha mkubwa wetu akatikisa kichwa taratibu: "Mwanangu, hii nzito."

Nzito ndilo neno tulilokuwa tunalitafuta. Hakuna aliyeuliza maana yake, kwa sababu anayeuliza ndiye ambaye hajaelewa, na pale maskani hakuna aliyetaka kuwa huyo.

Mwezi wa nane nikapata jukwaa. Aliyekaa Dodoma anaujua mwezi wa nane: asubuhi baridi, mchana upepo, na ikifika jioni nyusi za watu wote zimekuwa na rangi moja ya vumbi. Lilikuwa tamasha la wazi, wasanii wawili wakubwa kutoka Dar, na sisi wa nyumbani tumepangwa mwanzo ili watu wapate cha kutazama wakisubiri. Nilipewa dakika saba. Saa kumi na moja, watu bado wanapapaswa mifuko getini.

Nikapanda na piramidi zangu. Besi ilikuwa inanipiga mgongoni, sauti yangu mwenyewe naisikia inatoka mbali, imechelewa, kama kuna mtu upande wa pili wa uwanja ananiigiza. Nikaongeza mbio. Mbele kabisa alisimama mtoto wa kama miaka kumi, macho hayabanduki kwenye viatu vyangu. Wauza mishikaki waliendelea kupepea mkaa. Kwenye mstari wa kama arobaini, ule niliouona ndio roho ya wimbo mzima, nilimsikia mama mmoja akisema kwa sauti, "Huyu anagombana na nani?"

Aliyenifuata alikuwa kijana mwembamba, mgeni kabisa, na wimbo kuhusu mtu aliyeishiwa chaji ya simu wakati mpenzi wake anataka kumpigia. Basi. Hakuna kingine. Kiitikio maneno matatu. Kufikia raundi ya pili uwanja wote ulikuwa unakiimba, mama yule wa "anagombana na nani" amenyanyua simu yake juu anaipungia, na mtoto wa viatu anarukaruka. Mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa nakunywa soda, ambayo ndiyo yaliyokuwa malipo yangu, pamoja na fulana ya tamasha iliyonibana kwapani. Mwandaaji simtaji, tumeshasameheana.

Nikarudi nyumbani na sentensi moja: Watanzania hawataki hip-hop yenye ujumbe. Niliishi nayo miaka minne. Sentensi tamu sana ile, inakuondolea kazi ya kurudia kuandika.

Kilichonitoa humo kilikuwa njaa, wala sikuwa na busara yoyote. Kuna kaka mmoja wa Majengo anayekodisha spika, akanichukua nikawa mbebaji wake, halafu mkunja waya, halafu mtu wa kukaa kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, yeye akienda kula. Nikajikuta nimekuwa fundi mitambo. Ukikaa pale katikati ya uwanja, umegeukia jukwaa, unajifunza mambo ambayo msanii hawezi kuyajua hata aimbe miaka ishirini, kwa sababu yeye anasikia kutoka upande usiofaa.

Nitaeleza moja. Uwanja ule wa 2011 una ukuta mrefu upande wa pili. Nilikuja kuupima kwa hatua: kama mita 85 kutoka jukwaani. Sauti hewani inakwenda takriban mita 340 kwa sekunde. Iende 85, irudi 85, imeshakula nusu sekunde. Mchanaji anayekimbia anatoa silabi sita kwa sekunde, kwa hiyo anapotamka silabi ya saba, ya nne ndiyo inamrudia usoni. Huyo aliyekuwa ananiigiza siku ile alikuwa mimi mwenyewe, silabi tatu nyuma. Na mimi kwa kuchanganyikiwa nikaongeza mbio, yaani nikamwaga petroli kwenye moto.

Halafu kuna konsonanti. K, t, s, f ndizo zinazotenganisha neno na neno, na ndizo dhaifu kuliko zote. Upepo unazila, miili ya watu inazila, besi inazifunika. Irabu ndizo zinazofika. Nilikuwa naomba ruhusa kwa kaka, natembea mpaka kule nyuma karibu na vyoo, nasikiliza. "Kaka", "kata", "paka", zote kule ni a-a. Kwa wachanaji wa mbio kilichonifikia ni vina peke yake, eshi, eshi, eshi, kama mtu anapiga chafya. Kwa wale wanaopumua katikati ya mstari zilinifikia sentensi nzima, na zilipokuwa sentensi nzuri niliona vichwa vya watu wa nyuma vikigeuka. Watu wa nyuma ndio waliokuja kupiga stori. Ukiwageuza hao, umefanya kazi.

Kwa hiyo sehemu fulani ya kile nilichokiita upungufu wa akili wa Watanzania ilikuwa ukuta. Niliona aibu, lakini aibu ya kiufundi tu, inayotibika kwa kushusha besi.

Nilibaki bado na swali lenyewe: ukishasikika, unatakiwa uwe umesema jambo?

Sisi tumelelewa tukijibu ndiyo kabla ya kufikiri. Shule ya msingi nilikuwa kwenye kundi la ngonjera. Akija mgeni rasmi tunapangwa mistari miwili, upande mmoja unajifanya wajinga, upande wa pili unawaelimisha, mwisho wajinga wanakiri wamekosea na wote tunamshukuru mgeni. Nilikuwa upande wa wajinga kila mwaka, sijui kwa nini. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba anayetajwa kuwa baba wa ngonjera, Mathias Mnyampala, alikuwa Mgogo, mtu wa hapa hapa kwetu Dodoma, aliyezaliwa 1917 upande wa Ihumwa. Yeye aliutoa ushairi kwenye karatasi akauweka kwenye vinywa vya watu wanaojibizana na kufunzana adabu. Sisi tuliobaki tukashika nusu moja tu ya urithi wake: kwamba wimbo bila funzo haujaisha.

Ndiyo maana karibu kila tamasha lazima kuwe na mgeni rasmi wa kusema wasanii waimbe nyimbo zenye ujumbe. Nimewashikia maiki wengi. Nimegundua, na hili nalisema kama fundi tu, kwamba ujumbe wanaoutaka mara nyingi huwa umeshaandikwa kwenye bango lililo nyuma yao.

Hata hivyo siwezi kujifanya mistari mizito haifiki popote, mimi ninayeishi mji wenye Bunge. Mwaka 2010 Sugu aliingia humo kama mbunge wa Mbeya Mjini. Mwaka 2015 akaja Professor Jay kwa jimbo la Mikumi. Watoto wa mtaani walioitwa wahuni kwa sababu ya rapu wakawa wanaitwa waheshimiwa Dodoma hii hii. Tena ukiutazama "Ndiyo Mzee" wa Professor Jay kwa jicho la fundi, utaona ulivyojengwa: mwanasiasa anamwaga ahadi zisizo na kichwa wala miguu, na umati unaitikia maneno mawili ambayo hata mlevi wa nyuma kabisa anayaweza. Anayeitikia uwanjani anadhani anaburudika. Akifika nyumbani ndipo anagundua kwamba yule mjinga anayekubali kila kitu ndani ya wimbo alikuwa yeye. Nilikuwa nimeimba kiitikio kile tangu nikiwa mtoto bila kukifikiria. Mimi kiitikio changu cha 2011 kilikuwa na maneno 22, ishirini na mawili, na mojawapo ni "metafizikia".

Lakini aliyenifundisha hasa ni mama mkwe wangu, na hajui kama alinifundisha.

Mke wangu ni Mgogo wa Chamwino. Mimi ni Mrangi niliyekulia mjini. Kigogo changu ni cha salamu na cha kuulizia bei. Mwaka 2015 kulikuwa na harusi kijijini kwao, nikajitolea kupeleka mitambo bure, nionekane mkwe wa maana. Saa moja usiku jenereta ikazima. Petroli nilinunua, nikaisahau Dodoma mjini. Nimesimama gizani na spika nne zilizokufa, wakwe wananitazama kwa upole ule mbaya kuliko matusi.

Kina mama wakainuka. Wakaleta ngoma, wakazibana katikati ya mapaja kama wanavyozipiga kwenye muheme, ngoma ya Wagogo, na mama mkwe wangu akiwa wa tatu kutoka kushoto. (Mkwe kumkodolea macho mama mkwe aliyebana ngoma mapajani si jambo la kujisifia. Niliangalia chini, nikasikiliza.) Mdundo ulipoanza niliusikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Mmoja anatoa, wengine wanapokea. Hakuna maiki. Kila konsonanti ilifika, kwa sababu alipotaka kusema jambo ngoma zilishuka zenyewe, bila mtu kugusa mikisa.

Ghafla watu wote wakaangua kicheko. Akarudia, wakacheka zaidi, wengine wakimtazama mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki. Nikamvuta shemeji yangu mdogo.

"Wanasemaje?"

"Wanamsema mjomba."

"Wanamsema nini?"

"Wanasema mbuzi wa mjomba ana miguu mifupi sana, alianza safari tangu sikukuu, mpaka leo yuko njiani."

Mjomba alikuwa ameahidi mbuzi kwenye kikao cha harusi. Akacheka naye kidogo, akajipangusa uso, akacheka tena. Mara ya tatu wimbo ulipozunguka akainuka, akaondoka. Nikadhani amekasirika. Baada ya kama saa moja na nusu tukaona taa ya pikipiki inakuja kwenye njia ya mchanga: dereva mbele, mjomba nyuma, na katikati yao mbuzi, pembe zikimchoma dereva mgongoni.

Kwa mizani yangu ya maskani, ule ulikuwa wimbo kuhusu mbuzi. Mwepesi kuliko hata ule wa chaji. Lakini mimi na "mfumo" wangu mara tisa sikuwahi kumfanya binadamu yeyote ainuke kwenye kiti.

Asubuhi, nikimsaidia mama mkwe kubeba ndoo, nikajikakamua. "Shikamoo mama. Ule wimbo wa jana, nani aliutunga?"

"Marahaba, mkwe. Upi?"

"Wa mbuzi."

"Ah," akasema, "huo haukutungwa. Huo ni mjomba tu."

Nimelifikiria jibu lile kwa miaka mingi kuliko nilivyoyafikiria maneno ya mgeni rasmi yeyote. Baadaye nikasoma jinsi hip-hop yenyewe ilivyoanza. Tarehe 11 Agosti 1973, jengo namba 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York: DJ Kool Herc anapiga santuri kwenye sherehe aliyoiandaa dada yake ili apate pesa za nguo za shule. Rafiki yao Coke La Rock anashika maiki, na anachofanya ni kuwataja kwa majina watu waliomo ukumbini. Wao tu, majina na utani. "The Message", wimbo ambao wengi huutaja wakiulizwa rapu ya maisha magumu ilianzia wapi, ulitoka 1982. Kabla ya hapo watu walikuwa wamecheza miaka tisa. Mwaka ule wa 1973 ndio chama tawala, TANU, kilipoamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma; hayahusiani, lakini mimi hupenda kuyaweka pamoja, mji wangu na muziki wangu kuwa rika moja.

Kwa hiyo sasa mtu akiniuliza kama mashairi ya hip-hop ni lazima yawe na maana ya ndani, huwa namuuliza ndani ya nini. Mistari yangu ya 2011 ilikuwa migumu, nami nikadhani ugumu ni kina. Ukweli ni kwamba nilikuwa na miaka 21, sijawahi kwenda mbali zaidi ya Morogoro, na nilikuwa naogopa kueleweka, kwa sababu mtu akinielewa ataona hakuna kitu humo. Misri ilikuwa pazia.

Kuna siku mwaka 2019 nilipanda bodaboda kutoka Sabasaba kwenda Ipagala. Dereva akaniangalia kwenye kioo. "Braza, wewe si ulikuwa unachana zamani?" Nikajifanya sikumbuki. Akaanza kuchana mstari wangu, wimbo ambao nilirekodi na nadhani ulipigwa redioni mara mbili: "Treni ikichelewa, na ugali unachelewa." Mama yangu alikuwa anauza ubuyu na karanga stesheni ya Dodoma, treni isipofika abiria hakuna, na abiria wasipokuwepo hakuna unga. Mstari ule niliuweka kwa sababu ubeti ulikuwa mfupi na biti inaendelea. Ulikuwa kiraka. Yule kijana alisema mama yake alikuwa anauza mayai ya kuchemsha stendi, na kwao mstari huo waliubadilisha ukawa basi. Piramidi hakuikumbuka hata moja. Nilimwongezea elfu moja akakataa.

Sitaki mtu anielewe kwamba wepesi hauna kosa. Tangu treni ya umeme ianze kuja Dodoma mwaka 2024, kuleta msanii kutoka Dar imekuwa rahisi, matamasha yameongezeka, na nimekaa mikisani kwa vijana wengi ambao ukiwagusa kuhusu maneno wanakwambia, "Braza, ni burudani tu." Usiku mmoja mmoja wao alikuwa na kiitikio cha kuwalinganisha wasichana na bidhaa ya punguzo. Biti kali, nakiri kichwa changu kilikuwa kinatikisika. Lakini kutoka pale nilipo naona mgongo wa umati wote, na niliona mstari wa mbele, wasichana peke yao, waliokuwa wanaruka tangu saa mbili, mikono inashuka. Wawili wakafunga mikono kifuani. Wavulana wa nyuma wakaendelea kuruka, na yeye kule jukwaani akaona ameua. Nilipomwambia baadaye, akaniuliza kama mistari haina maana wale wamekasirikia nini. Nikamwacha na swali lake, lilikuwa zuri kuliko jibu langu.

Desemba iliyopita mdogo wa mke wangu aliolewa. Safari hii petroli nilibeba madumu mawili. Mchana mama mkwe akaniita chini ya mbuyu.

"Mkwe, nasikia zamani ulikuwa unaimba."

"Nilikuwa nachana, mama."

"Unachana nini?"

"Mistari."

Akanitazama kwa huruma. "Haya, leo utatuchania hiyo mistari. Sisi tutapiga."

Nikakaa naye akanitajia: nani aliahidi mchele akaleta nusu, nani alisema atakodi gari akaja na stori, nani tangu asubuhi anaonja nyama kwa kisingizio cha chumvi. Nikaenda kwa shemeji kuthibitisha, nikaenda kwa wapishi. Niliwahi kuandika kuhusu Misri bila kumuuliza mtu yeyote. Kwa mistari minane ya harusi nilihoji watu watano.

Usiku wakazima muziki wangu kwa makusudi, jenereta nzima kabisa. Mdundo wa muheme hauhesabiki moja mbili tatu nne kama biti nilizozoea, nikapotea mara mbili, kina mama wakanisubiri. Mchele ukacheka. Gari likacheka. Mwonja nyama akajificha nyuma ya mkewe. Nikavuta pumzi niingie mstari wa tano, nikafungua kinywa nikasema, "Na mjomba..."

Mzee akasimama kabla sijamaliza, kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yake, mikono miwili juu. "Mimi nilileta! Jamani, mbuzi nilileta! Mwulizeni dereva!"

Ngoma zilipanda zenyewe. Mistari minne iliyobaki sikuisema, na hakuna aliyeiulizia.